Mgeni Haangalii Mlima Peke Yake

Kijana mmoja wa Mto wa Mbu kaniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka, ndiyo naanza kupandisha wageni Kilimanjaro. Nifanyeje wanipe nyota tano?" Marahaba mdogo wangu. Jibu ni refu, nalileta hapa wengine nao wasome.

Nyota zangu nimezitolea jasho, sioni haya kulisema. Juzi tu familia moja ya Uholanzi imenimwagia sifa mtandaoni. Unadhani walisifia kilele? Uhuru na mita zake 5,895 imepata sentensi moja. Maneno mengine yote ni ya mpishi wetu, maji ya moto ya kunawa yaliyofika saa ileile tuliyosema, na wagumu, yaani wabeba mizigo wetu, walivyokuwa wakiimba wameshiba.

Wameshiba. Shika hapo.

Kabla sijajitegemea nilikuwa chini ya bosi mmoja, simtaji. Wageni walilipa pesa nene. Pale geti la Machame mizigo ikapimwa, kilo 20 kwa kila mgumu kama utaratibu unavyotaka. Tulipoingia msituni, wawili wakarudishwa kimyakimya na mizigo yao wakabebeshwa waliobaki. Chakula chao? Ugali, mara moja kwa siku. Tulipofika kambi ya Barranco, mama mmoja Mjerumani akatoka kwenye hema la kulia kufuata chumvi jikoni, akawakuta wagumu wamezunguka sufuria moja, wanakwangua ukoko kwa vidole. Mezani kwake kulikuwa na bisi, supu na keki. Alirudi akakaa, sahani hakuigusa tena.

Aliyoyaandika baadaye niliyasoma hadi nikayakariri: mlima mzuri, watu wanateswa. Na jina lililotajwa ni langu, maana bosi hakuwahi kumwona. Posho yangu ikakatwa juu. Mpaka leo nikiliona gari la yule mzee pale Mnara wa Saa, navuka barabara.

Sasa sikilizeni, vijana. Mgeni akifika uwanja wa ndege wa KIA kuondoka, anaweza kukutana na watu wa utafiti wa serikali wanaouliza watalii kama wameridhika na nini kirekebishwe. Hatasema kampuni fulani. Atasema Tanzania. Waliotunga SERVQUAL, kipimo cha ubora wa huduma, Parasuraman na wenzake, walilieleza hili tangu 1988: kati ya vyote anavyopima mteja, kutimiza ulichoahidi ndicho kizito zaidi. Ukisema saa kumi na mbili, iwe saa kumi na mbili. Ukisema wagumu wanatunzwa, watunzwe. Choo kikiwa kichafu, mwambie kabla hajakiona. Timiza, timiza, timiza!

Na tipu. Mkishuka geti la Mweka, bahasha ifunguliwe wageni wakiwepo, kila mgumu asomewe kiasi chake kwa sauti. Bosi akikukataza, muulize anaficha nini, halafu tafuta bosi mwingine. Kampuni Moshi hazijaisha.