Kabla ya Kumpendekeza Mtu Kuwa Mzee wa Kanisa

Usharikani kwetu, uchaguzi wa wazee wa kanisa, yaani washarika wanaomsaidia mchungaji kuongoza, ukikaribia, majina ya kwanza kutajwa huwa ni ya wenye uwezo: aliyechangia mabati, mwenye gari la kumpeleka mchungaji mitaani, anayejua kuchangamsha harambee. Sina neno na watu hao, na baadhi yao ni wazee wazuri sana. Lakini mimi mama niliyekaa kwenye baraza la wazee nimeona kwamba mabati yakishaezekwa, tunabaki na tabia ya mtu.

Soma barua za Mtume Paulo, 1 Timotheo 3 na Tito 1, taratibu. Paulo haulizi mtu ana nini. Anataka ajue kufundisha, na karibu yote yanayobaki ni mwenendo: kiasi, upole, ukarimu, asiwe mlevi wala mgomvi, asipende fedha. Hata lile la mume wa mke mmoja, sisi akina mama tuliochaguliwa linatuhusu vilevile, maana uaminifu wa ndoa hauna jinsia.

Kwenye fedha ndiko wengi wanakoangukia. Kuna baba mmoja niliyezoea kuhesabu naye sadaka. Ibada ikiisha na vikapu vikishaletwa ofisini, hagusi noti hata moja mpaka mwenzake aingie. Nje mnada wa sadaka za mazao umepamba moto, watu wanapandishiana bei ya mkungu wa ndizi, yeye amekaa kimya, mikono iko mapajani. Siku moja kijana akamwambia, "Baba, anza tu, tunakuamini." Akajibu, "Nataka mwendelee kuniamini." Mtu wa namna hiyo mpendekeze hata kama hana baiskeli.

Halafu kuna ulimi. Mzee wa kanisa huitwa usiku mume na mke wanapogombana. Huambiwa habari ambazo hata ndugu wa damu hawazijui. Nimeona mambo ya ndani ya nyumba ya watu yakitolewa kwenye jumuiya kama ombi: "Wapendwa, tumwombee ndugu yetu, mkewe amerudi kwao." Kufika Jumapili, kwaya nzima inajua, na yule ndugu hakurudi tena kanisani. Huo ni umbeya uliovikwa maombi, nami nauogopa kuliko wizi wa sadaka. Kabla ya kumchagua mtu, kumbuka: amewahi kukuletea siri ya mwingine? Basi na yako ataipeleka.

Paulo anataka pia mzee ashuhudiwe mema na watu walio nje. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu hatuna kisingizio cha kutolijua hilo. Mwenye duka anajua nani hulipa deni lake bila kukumbushwa. Nawe ukimtembelea huyo unayetaka kumpendekeza, sikiliza anavyosema na dada wa kazi chai ikichelewa.

Kuhusu watoto, ambao Paulo anataka wawe watiifu, tuwe na huruma. Kijana wa miaka thelathini aliyeamua kunywa pombe si lazima awe ushahidi dhidi ya mzazi wake. Ninachoangalia ni kama nyumba hiyo inaongozwa kwa upendo au kwa ngumi, kwa sababu anayeogopwa na mkewe ataogopwa na washarika. Petro aliwakataza wazee kujifanya mabwana juu ya mitaa yao, yaani watu waliokabidhiwa. Na aliyeokoka juzi, hata awe na moto kiasi gani, mwache akue kwanza.

Kama jina lililotajwa ni lako, zungumza na mwenzi wako kabla ya kukubali, kwa sababu misiba, wagonjwa na vikao vitakula muda wake pia. Ukijua kuna jambo maishani mwako halijakaa sawa, mwone mchungaji faraghani majina yakiwa hayajatangazwa, umwombe akuache kipindi hiki. Usikubali kwa kuona haya. Petro huyohuyo alisema kazi hii ifanywe kwa hiari, si kwa kulazimishwa.