Wakala wa matibabu New York: sahihi ya nani inahitajika?

Ndugu, umeuliza kama mama yako, mkazi wa New York, lazima alipie mwanasheria ili akuteue kumwamulia matibabu akishindwa kujieleza. Hapana, wala muhuri wa mthibitishaji hautakiwi. Akiwa na akili timamu, atie sahihi na tarehe kwenye fomu ya kukuteua (kwa Kiingereza health care proxy) mbele ya mashahidi 2 watu wazima. Hapo ndipo wengi hukosea: wewe unayeteuliwa huwezi kuwa shahidi, wala wakala wa akiba, yaani atakayeshika nafasi yako usipopatikana, hawezi. Iteni majirani.

Jambo moja nakuomba usilipuuze. Sheria ya jimbo hilo haikupi ruhusa ya kuamua kuhusu chakula na maji ya mrija kama hujui matakwa yake. Kaeni mzungumze, kisha aandike kwenye fomu: "Wakala wangu anajua matakwa yangu kuhusu kulishwa na kunyweshwa kwa mrija." Sentensi hiyo fupi huepusha mvutano mchungu kando ya kitanda.

Waraka wa matakwa ya matibabu (living will), yaani maandishi ya matibabu anayotaka na asiyotaka, hauna sheria yake maalumu huko. Mahakama huupokea kama ushahidi. Kwa hiyo ataje hali zenyewe, kwa mfano kupoteza fahamu bila tumaini la kuzinduka, na kama anataka mashine ya kupumulia. Nakala apewe daktari wake, isifungiwe kabatini.