Mimi H mbili, shemeji H moja, dawa kapewa yeye

Majibu ya mafuta ya damu hapa Dar hutoka kwenye karatasi yenye safu tatu: jina la kipimo, namba uliyopata, na kiwango kinachotakiwa. Namba ikizidi kiwango, pembeni inagongwa H. Ikipungua, inagongwa L. Wengi niliowaona wakipokea karatasi hiyo hawasomi kingine. Wanahesabu H, wanapiga picha, wanarusha kwenye grupu la familia, na kabla hawajapanda daladala wameshaambiwa wanywe maji ya kitunguu saumu na waache mayai.

Mwaka jana mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, tulipima wiki moja, maabara ile ile. Kaniruhusu niandike namba zake, jina kakataa. Mimi nilipata kolesteroli ya jumla 6.2, ikagongwa H, LDL (wanayoiita kolesteroli mbaya) 3.8, H nyingine, HDL (wanayoiita nzuri) 1.9, na trigliseridi, mafuta mengine ya damu, 1.1. Yeye alipata jumla 5.1, LDL 2.9, HDL 0.9 yenye L, na trigliseridi 2.9 yenye H. Kwa karatasi, mgonjwa ni mimi. Shemeji alifurahi kupita kiasi. "Shem, kumbe nyama nakula mimi, mafuta yanakaa kwako!"

Kisha daktari akamwandikia yeye statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na mimi akaniambia niendelee na maisha, tuonane baada ya mwaka. Kicheko kikaishia hapo, yakaanza maswali: mbona mwenye H mbili anarudi nyumbani mikono mitupu?

Tuanze na hesabu. Kolesteroli ya jumla ni mkusanyiko: ndani yake mna LDL, mna HDL, na mna sehemu inayosafiri pamoja na trigliseridi. Inayojijenga kwenye kuta za mishipa ni LDL na jamaa zake. HDL haimo kwenye kesi hiyo. Kwa hiyo chukua jumla, toa HDL. Mimi 6.2 toa 1.9, inabaki 4.3. Shemeji 5.1 toa 0.9, inabaki 4.2. Tuko sawa kabisa! Jumla yangu ilionekana kubwa kwa sababu HDL yangu ni kubwa. Maabara nyingi haziichapishi hesabu hii, lakini inafanyika kwa kalamu, na madaktari wa moyo wanaithamini kwa sababu haitegemei sana kama ulikunywa chai asubuhi.

LDL yenyewe mara nyingi haipimwi moja kwa moja. Inakokotolewa kwa kanuni iliyochapishwa na Friedewald na wenzake mwaka 1972: jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Jaribu kwa namba zangu utapata 3.8. Kanuni hiyo inaharibika trigliseridi ikivuka 4.5, hapo omba LDL ipimwe yenyewe. Na usijivune mno kwa HDL ya juu. Zilitengenezwa dawa za kuipandisha. Mojawapo, torcetrapib, ilisimamishwa mwaka 2006 ikiwa bado kwenye majaribio kwa sababu waliopewa walikufa zaidi kuliko wasiopewa, ingawa HDL yao ilipanda vizuri tu.

Haya, kama mafuta yetu yanakaribiana, tofauti iko wapi? Iko nje ya karatasi. Mimi nina miaka 46, sivuti sigara, sina kisukari, presha yangu haijawahi kusumbua. Shemeji ana 58, anavuta tangu ujana, ana kisukari, na presha yake siku ile ilisoma 152 juu. Mashine ya maabara haijui hata moja kati ya hayo. Inachojua ni kwamba 6.2 ni kubwa kuliko 5.2.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria uwezekano wa mtu kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Zimetengenezwa kwa kanda 21 za dunia, na Afrika Mashariki ina yake. Unaingiza jinsia, umri, sigara, kisukari, presha ya juu na kolesteroli ya jumla, unasoma rangi. Kuna hata toleo lisilohitaji maabara, linalotumia uwiano wa uzito na urefu badala ya kolesteroli. Mimi nilikaa kwenye kijani, chini ya asilimia 5. Shemeji rangi yake ilikuwa nyingine kabisa, na hata bila chati, mwongozo wa shirika hilo kwa mwenye kisukari aliyefika miaka 40 ni kumpa statini. Ndiyo maana daktari hakuumiza kichwa na ile LDL ya 2.9. Alikuwa anamtibu mtu mwenye sigara, sukari na presha, na njia mojawapo ya kumpunguzia hatari ni kushusha LDL hata kama haina H.

Kuna mahali namba peke yake inatosha kuamua. LDL ikifika 4.9 na kuendelea, au jumla 8, usisubiri chati. Hapo hofu ni ugonjwa wa kurithi, ambao humpata karibu mtu 1 kati ya 250, na wengi hawajui wanao. Uliza nyumbani: baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55? Mama au dada kabla ya 65? Kwetu neno linalotumika ni "alianguka ghafla", na mazungumzo huishia kwenye nani alimwonea wivu. Ikiwa walioanguka ni zaidi ya mmoja na walikuwa vijana, mwambie daktari, na watoto nao wapimwe.

Sasa vipimo vya wenzetu wa ng'ambo. Binamu yetu aliyeko Minneapolis aliona tunajadili, akatuma yake: 212. Shangazi alitaka kuitisha dua. Marekani wanapima kwa miligramu katika desilita, sisi kwa milimoli katika lita. Gawanya kolesteroli yao kwa 38.67 upate yetu. 212 inakuwa 5.5. Trigliseridi unagawanya kwa 88.6. Angalia kizio kabla hujatoa ushauri.

Angalia pia siku ya kupima. Zamani kila mtu alilazwa na njaa kwa muda wa saa 9 hadi 12. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubali kipimo cha kawaida kifanyike bila kufunga, urudie kwa njaa kama trigliseridi imetoka juu sana, maana hiyo ndiyo inayoruka baada ya pilau ya harusi. Lakini ukitoka kuugua, subiri. Malaria hushusha HDL na jumla na kupandisha trigliseridi; maambukizi makali na kulazwa huvuruga picha nzima kwa wiki kadhaa. Ujauzito huipandisha kolesteroli, na hilo ni la kawaida. Tezi ya thairoidi ikizembea, LDL hupanda, ndiyo maana mimi nilitolewa damu nyingine ya kuangalia tezi kabla sijaambiwa niende. Tena kipimo kile kile, mtu yule yule, hucheza kidogo wiki hadi wiki. Kutoka 5.3 kwenda 5.1 hujashuka, umepima mara mbili tu.

Na tafadhali, ile mashine unayoshikishwa kijiti kiganjani kwenye mabanda ya maonesho, inakutolea kurasa za "mwili mzima", kolesteroli ikiwemo, halafu pembeni kuna mtu ana makopo ya virutubisho. Kolesteroli inapimwa kwenye damu. Hata tone la kidoleni linatosha kwa kuanzia, lakini liwe damu. Kama hujachomwa, hujapimwa.

Chakula nitakisema kama mtu wa Tanga, maana najua mnanisubiri kwenye nazi. Mafuta ya nazi, takribani asilimia 90 yake ni ya aina inayopandisha LDL. Mawese ni kama nusu. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Hizo ni tabia za mafuta yenyewe, hazibadiliki kwa sababu bibi aliishi miaka 90. Bibi pia alitwanga, alichota maji na alikula samaki wadogo kwa muhogo. Mimi nazi sijaiacha na sina mpango. Nilichofanya ni kuipangia siku: wali wa nazi ni wa Ijumaa, na mchuzi wa samaki naupika kwa tui la pili, lile jepesi, tui zito naliweka kijiko kimoja mwishoni kwa ajili ya harufu. Siku nyingine kunde, maharage, bamia. Nyuzi zake laini hukamata nyongo tumboni, na ini linalazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Kinachopungua si kikubwa, lakini ni cha kweli na ni cha bei ya sokoni.

Mayai yameonewa. Yai moja lina kama miligramu 200 za kolesteroli, sawa, lakini kwa watu wengi ini ndilo kiwanda kikubwa, na linachochewa zaidi na aina ya mafuta unayokula kuliko kolesteroli ya chakula. Chipsi mayai tatizo lake si yai. Na kibandiko cha "haina kolesteroli" kwenye dumu la mafuta ya kula kisikubabaishe: hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika, kwa hiyo hata mawese yanayoganda asubuhi ya baridi yanaweza kuvaa kibandiko hicho bila kusema uongo.

Trigliseridi za shemeji zilikuwa hadithi nyingine. Pale nyama haina kosa kubwa. Soda mbili kwa siku, chai ya sukari vijiko vinne, bia za wikiendi, na sukari ya mwili isiyodhibitiwa. Alipoacha soda tu, bila kugusa kingine, kipimo kilichofuata kilikuwa na tofauti inayoonekana.

Jambo lililotushangaza sote ni kahawa. Shemeji ni mtu wa kijiweni, kahawa chungu na kashata jioni, birika juu ya mkaa. Watafiti wa Tromsø, Norwei, waliona mwaka 1983 kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na kolesteroli ya juu. Baadaye ikajulikana ni ile inayochemshwa na unga wake, bila kuchujwa kwa karatasi. Kuna mafuta ndani ya buni, kafestoli, ambayo karatasi huyazuia na birika huyaachia. Vikombe vyetu ni vidogo, wala simwambii mtu aache kijiwe. Ila kama unakunywa vikombe kumi kila jioni na LDL haishuki, itaje kwa daktari.

Kuhusu statini, maneno ya mtaani ni mengi kuliko vidonge. Aliyegundua ya kwanza ni Mjapani, Akira Endo, miaka ya 1970, akiitafuta kwenye ukungu. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani ilikuwa 1987. Kwa hiyo si dawa ya majaribio kwetu Waafrika. Kila LDL inaposhuka kwa 1, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa kama moja ya tano. Kwa mtu wa hatari kubwa kama shemeji, hiyo ni faida nzito. Kwa mimi, moja ya tano ya kitu kidogo ni kidogo zaidi, na ndiyo hesabu iliyonifanya nikubali kusubiri bila kinyongo. Nikikoma hedhi LDL itapanda tena, hapo tutazungumza upya.

Maumivu ya misuli yapo, usiyanyamazie. Ila huko London, mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini, vidonge bandia na miezi mitupu. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa statini waliupata pia kwa vidonge bandia. Mwili uliokwisha kutishwa huuma kweli. Ya kuzingatia zaidi ni mchanganyiko. Juisi ya balungi huongeza simvastatini na atovastatini mwilini. Baadhi ya dawa za ARV na antibayotiki kama erithromaisini hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo duka la dawa usione haya kutaja unachomeza. Mjamzito, au anayetafuta mimba, amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Shemeji alirudia kipimo baada ya miezi mitatu. LDL 1.6. Akanipigia simu asubuhi asubuhi kuniuliza kama sasa anaweza kuacha, maana amepona. Nikamwambia aulize alikoandikiwa, akauliza, akajibiwa nilichokuwa nakitarajia: namba hiyo inashikiliwa na kidonge, akikiacha itarudi ilipokuwa ndani ya wiki chache. Kisha daktari akaisukuma karatasi ya mafuta pembeni na kumwuliza za presha na sigara. Presha imeshuka. Sigara anasema amepunguza. Mke wake anasema amehamia nyuma ya nyumba.