Kibanzi, Boriti na Benchi ya Nyuma

Kaptembwo, Nakuru

Mama,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumatano nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye kibanda changu cha useremala peke yangu, vijana wameshaenda nyumbani. Ningekupigia, lakini unanijua: nikishika simu nasema "sawa, sawa" mpaka mazungumzo yanaisha bila neno. Kwa hivyo naandika, na mamako atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Umeniuliza hivi. Rafiki yako wa kwaya amepata mimba kabla ya ndoa. Wazee wa kanisa lenu huko Kisumu wamemvua sare na kumkalisha benchi ya nyuma hadi atakapotubu mbele ya watu, na kijana aliyempa mimba hiyo bado anapiga kinanda kila Jumapili. Kama Yesu alisema tusihukumu, hawa wanamfuata nani? Ukasema wazee wote ni wanafiki, na kwamba siku hizi hata kuomba kunakuwa kugumu. Halafu ukanyamaza, nikasikia tuktuk ikipita nyuma yako, ndipo ukasema: "Na wewe Baba ni mzee wa kanisa. Wewe ungefanya nini?"

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo lililonichoma. Ningefanya vile vile walivyofanya. Si leo, lakini kuna wakati ningeinua mkono pamoja nao, nikaenda nyumbani nikala ugali wangu nikalala.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu, yule mrefu wa Njoro aliyekuwa akikuletea maembe? Hukuwahi kuambiwa kwa nini aliondoka. Mimi ndiye niliyeficha.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti misituni. Ilitangazwa kuwa ya miezi mitatu, ikaendelea miaka. Sisi tuliokuwa tukingojea lori za mbao kutoka Elburgon na Molo tukabaki kutazamana, na hata kipande cha saipresi kikawa cha kuombwa kwa heshima. Wakati huo nilikuwa nimechukua malipo ya kwanza kwa mama mmoja aliyetaka kitanda cha mahogani cha kumwozesha binti yake. Pesa nikawa nimekulipia karo. Mahogani sikuiweza tena. Nikatengeneza kitanda cha saipresi, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto, nikakipaka vanishi nyeusi-nyekundu mara tatu. Kilipendeza. Nikakifikisha mwenyewe, nikapewa chai na mandazi, na nikaombewa baraka.

Wiki hiyo hiyo nikamwona yule kijana jioni akitoka na vipande vitatu vya mbao kwenye gunia. Vipande vya kuchomea, urefu wa mkono wangu. Nikamsimamisha barabarani, mafundi wa jirani wakitazama, nikammwagia gunia lake chini. Nilimwambia ana moyo wa wizi. Nilitumia neno hilo, moyo, kana kwamba nilikuwa nimeufungua kifua nikachungulia. Nikamfukuza bila kumlipa siku nne alizokuwa akinidai. Jumapili nikalisimulia jambo hilo kwenye kikao cha wazee kama mfano wa vijana wa siku hizi, nao wakatikisa vichwa.

Sasa nikuonyeshe jambo moja kuhusu yule yule kijana. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa napiga randa, upepo wa Januari unavuma, na unajua Nakuru na upepo wake. Wanasema hata jina lenyewe kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi. Kibanzi kikaniruka jichoni. Ni kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi, lakini jicho zima linageuka kidonda, huwezi kufungua hata lile zima. Kijana hakukimbilia jicho langu. Alikwenda kwanza kunawa mikono kwa sabuni, nikimpigia kelele afanye haraka. Akafuta uso wake mwenyewe uliojaa vumbi, akapepesa macho mpaka akaona vizuri. Akanikalisha nikitazama jua, akashika kope kwa kidole gumba, akakunja ncha ya kitambaa safi, akazuia pumzi. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi kwamba nilisikia harufu ya chai aliyokunywa. Gusa moja, kikatoka.

Mama, Yesu alikuwa seremala. Marko 6:3, watu wa kwao wanamwita hivyo kwa dharau. Mathayo 7, pale pa kibanzi na boriti, ukiisoma ukiwa kibandani unasikia fundi akitania mafundi. Boriti ni ule mti unaobeba dari, hauingii jichoni mwa mtu hata ukiusukuma. Waliomsikia lazima walicheka. Sisi tuna yetu, "nyani haoni kundule", na tunaishia pale kwenye kicheko. Yeye hakuishia pale. Angalia anavyomalizia: "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Hakusema kibanzi si kitu. Hakusema kiache humo. Kibanzi kinauma na kinapaswa kutoka. Lakini hakitolewi kwa mbali, wala hakitolewi na mtu mwenye vidole vichafu aliye na haraka ya kuonekana.

Miezi minane baadaye yule mama akanipigia simu. Mguu wa kitanda ulikuwa umekwaruzwa na watoto, na ndani ya ule wekundu mbao nyeupe ilikuwa inachungulia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Fundi, hii ni nini?" Nimewahi kusomewa Yeremia 17:9, kwamba moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, na siku zote niliisikia kama habari ya watu wengine. Siku hiyo nilisimama mbele ya ule mguu wa kitanda nisijue pa kuweka mikono. Nilimrudishia pesa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Lakini hata hilo lilikuwa jepesi kuliko kwenda Njoro. Nilimkuta kijana ana kibanda chake, anatengeneza viti. Nikampa zile siku nne, nikamwomba msamaha kwa kumwaibisha kwa ajili ya vipande vitatu. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini Fundi, nilikuwa nimekuuliza asubuhi. Nilikuambia nataka kumtengenezea mama kigoda. Ukasema chukua."

Alikuwa ameuliza kweli. Nilikuwa nimeinama kwenye kile kitanda, nawaza nitapaka vanishi mara ngapi, nikajibu bila kuinua kichwa. Hakukuwa na kibanzi hata kimoja kwenye jicho lake. Nilichokiona kilikuwa boriti yangu mwenyewe.

Hakurudi kufanya kazi nami, na simlaumu. Tunasalimiana.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia kama mtu aliye upande wa wazee wenu wala kama mtu aliye juu yao. Kanisa lina haki ya kumrekebisha mtu wake. Ukiondoa hilo unabaki na klabu ya kuimba. Wagalatia 6:1 inasema aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole. Mchungaji mmoja alitueleza kwamba neno hilo, kurejeza, katika Kigiriki ndilo linalotumika Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana wakitengeneza nyavu zao. Nenda ufuo wa Dunga asubuhi uwatazame wavuvi wakishona wavu uliochanika. Wavu unawekwa mapajani. Sijaona anayeutupa nyuma ya nyumba akiusubiri ujishone.

Na hilo la kijana wa kinanda, hapo umeona sawasawa, usikubali mtu akuambie una hasira tu. Yohana 8 wanaume walileta mwanamke peke yake, aliyefumaniwa katika tendo lenyewe, na sheria waliyokuwa wameishika mkononi, Walawi 20:10, inawataja wote wawili. Yule mwingine alikuwa wapi? Walikuwa wamekwisha kuivunja sheria kabla hawajafungua mdomo. Yesu akainama akaandika chini kwa kidole, na walipoondoka waliondoka mmoja mmoja, kuanzia wazee. Mimi ni mzee wa kanisa, na maneno hayo huwa nayasoma polepole. Aliyebaki ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kurusha jiwe. Akamwambia, "Wala mimi sikuhukumu," na hapo hapo akamwambia asitende dhambi tena. Yote mawili, kwa sauti moja.

Umesema kuomba kunakuwa kugumu. Sitakulazimisha. Nikuulize tu: maneno unayowashtaki nayo wazee umeyatoa kwa nani? Umekasirika kwa sababu unamjua Yesu vya kutosha kuona kwamba jambo hili halifanani naye. Mimi naita hiyo imani, hata kama leo haina nyimbo. Bibi yako wa Butere, ambaye una jina lake, alikuwa wa ule Uamsho wa makanisa ya Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwenye mikutano yao mtu akisimama kuzungumza alianza na dhambi yake mwenyewe, na aliyeanza na ya jirani aliambiwa akae chini. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kumsikia mama yangu akisema mbele ya watu kwamba alimwonea wivu shemeji yake kwa sababu ya ng'ombe. Siku hizi natamani kikao chetu kingeanza hivyo hata mara moja.

Lile neno "wote" ulilosema, wazee wote ni wanafiki, nakuomba ulirudishe. Nililitumia mimi pia, "vijana wa siku hizi".

Jumapili usiende kwaya. Kaa na rafiki yako benchi ya nyuma, ushike kitabu kimoja naye. Baada ya ibada mtafute mzee mmoja, yule unayemheshimu zaidi, si aliyekukasirisha zaidi, umwulize faraghani kuhusu kijana wa kinanda. Uliza, usihubiri. Pengine hatakusikiliza.

Umesema mtoto anatarajiwa Agosti. Nimeanza kumtengenezea kitanda kidogo. Nikimaliza nitakifungua vipande nikitume na matatu ya Kisumu, wewe na rafiki yako mtakiunga, misumari haihitajiki. Nimekipiga msasa tu, sijakipaka kitu. Akiuliza ni mbao gani, mwambie ni saipresi.

Babako