Jibu: Bodoland ina baraza lake, mbona polisi ni wa Assam?

Salama ndugu. Umeuliza kwa nini Baraza la Bodoland (BTC), eneo la Wabodo kaskazini-mashariki mwa India, lina serikali yake lakini polisi ni wa jimbo la Assam. Anzia kwenye Jedwali la Sita la Katiba ya India, sehemu inayoyapa maeneo ya makabila mabaraza yenye mamlaka ya baadhi ya mambo. Baraza limekabidhiwa ardhi, kilimo, elimu na mila, polisi hawamo. Lilianza 2003, lina viti 46: 40 vya kuchaguliwa, 6 huteuliwa na gavana wa Assam. Hata sheria yake ya ardhi husubiri gavana aridhie.

Ila kinachouma ni hela. Nikisoma Guwahati, jiji la Assam, mwenzangu wa Kokrajhar, makao makuu ya baraza, alinichorea nyuma ya karatasi ya sambusa: mshale mnene wa pesa kutoka Dispur, makao makuu ya serikali ya Assam, na kandokando kodi za baraza lenyewe, vijistari viwili vyembamba.