Maswali Yenu: Gitaa na Filamu Havikubaliani

Najifunza gitaa la fanki kwa kufuatisha DVD za matamasha ya zamani. Natyuni vizuri kwa programu ya simu, lakini nikipiga noti ya E niko chini, nikisogea F nimepita. Gitaa lina kasoro?
*Mpiga gitaa, Kondele, Kisumu*

Gitaa ni zima, mkorofi ni diski. Filamu ya sinema hupigwa kwa fremu, yaani picha, 24 kila sekunde, ilhali DVD za mfumo wa video wa PAL, unaotumika kwetu, huonyesha fremu 25. Watengenezaji wengi hukata kona: wanaikimbiza filamu kidogo, na sauti inakimbia nayo. Kasi hupanda kwa asilimia 4.2 hivi, na kila noti hupanda karibu robo tatu ya freti moja. Ndiyo maana umekwama kati ya E na F, huku hukai, kule hukai.

Kuhakikisha, tazama muda. Filamu ya dakika 100 kwenye sinema itakuishia dakika ya 96.

Usikaze nyuzi kuifuata. Uzi wa kwanza ukiwa umechoka utakukatikia. Toa sauti ya filamu, ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua badiliko la kasi na uweke kizidisho 0.96. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachagua lile la tempo pekee, mwendo unapungua lakini noti zinabaki zilezile juu. VLC, programu ya kuchezea video, nayo ina tabia hiyo ukiipunguza mwendo, maana inalinda noti zisishuke. Zima ulinzi huo kwanza kwenye mipangilio ya sauti.

Ikibaki tofauti ndogo kama unywele, iache. Kwenye joto la jukwaa tarumbeta hupanda na nyuzi hulegea, na mwimbaji wa fanki James Brown hakuwa mtu wa kusimamisha onyesho ili watu watyuni.

Nataka kumwona James Brown akipiga Kinshasa. Nilinunua filamu ya When We Were Kings, nikapata ngumi nyingi na muziki kidogo.
*Msomaji, Section 58, Nakuru*

Unayoitaka ni filamu ya Soul Power. Tamasha lilifanyika Septemba 1974 kwa siku tatu, likiwa limepangwa liende pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi Oktoba 30, muziki ukaendelea. Mngoje Bill Withers na gitaa lake. Hapo hata gumzo la sebuleni hunyamaza. Kama kiu yako ni Franco na Tabu Ley, nenda kwenye albamu ya Zaire 74: The African Artists, iliyotoka 2017.

Tulionyesha Amazing Grace ya Aretha Franklin ukumbini, midomo ikawa mbele ya sauti. Tumesikia filamu hii ina historia ya kasoro hiyo.
*Kikundi cha vijana, Kakamega*

Historia ni ya kweli, ila si yenu. Ilipigwa kanisani Los Angeles kwa siku mbili, Januari 1972, kamera kivyake na rekoda ya sauti kivyake, na hakuna aliyegonga ubao mbele ya kamera ili mlio na picha vipate pa kukutania. Albamu ilitoka mwaka huohuo. Filamu ikaonekana 2018, baada ya kompyuta kuunganisha picha na sauti.

Kwenu ninashuku spika ya Bluetooth. Mara nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200. Tumieni waya kutoka laptopu hadi miksa, basi. Waya ukikosekana, fungueni filamu kwa VLC na mbonyeze J. Kila mara moja huwahisha sauti kwa milisekunde 50. Anzeni na mara tatu. Msipime kwa midomo, pimeni kwa makofi ya kwaya: viganja vikikutana, mlio uwe hapohapo. Anayepima akae katikati ya ukumbi, kwa sababu aliye mita 17 kutoka kwenye spika anasikia milisekunde 50 baadaye hata mitambo ikiwa sawa. Mkizidisha, K hurudisha nyuma.