Barua kwa mwanangu: kujifunza skii ukiwa na watoto wa shule

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Unasema shule imekupanga kuwasindikiza wanafunzi wa miaka 10 hadi 12 kwenye safari ya siku 5 ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji, nawe hujawahi kukanyaga theluji. Umeniuliza mambo mawili: je, mtu mzima anaweza kujifunza kwa siku hizo chache, na je, utakuwa msaada kwa watoto au utawaongezea walimu wenzako mzigo?

Kujifunza utajifunza. Kuhusu mzigo, inategemea unaanza kujifunza nini. Watoto wa umri huo huenda wakakupita kufikia siku ya tatu, maana ni wepesi na kuanguka hakuwatishi. Usishindane nao. Msindikizaji anatakiwa aweze mambo manne: kusimama pale anapotaka, kuinuka mwenyewe akianguka, kupanda na kushuka lifti (mtambo unaowapandisha watu mlimani), na kumvalisha mtoto buti likakaa sawasawa. Buti nimelitaja mwisho, lakini ndilo la kuanza nalo.

Buti la skii ni gamba gumu la plastiki lenye buti jingine laini ndani yake, na kwa kawaida lina bizimu 3 au 4 na mkanda mpana juu. Saizi yake hupimwa kwa sentimita za unyayo, hivyo mguu wa sentimita 25 na nusu huvaa 25.5. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuusukuma ugoko mbele, vidole virudi nyuma na kisigino kisinyanyuke. Soksi ni jozi moja tu, nyembamba, inayofika karibu na goti. Hapa wazazi wengi hukosea kwa nia njema: humvalisha mtoto jozi mbili ili asipate baridi. Jozi mbili hubana mguu, damu haipiti vizuri, na vidole hufa ganzi mapema kuliko vya mwenye jozi moja. Ndani ya buti kisiingie kitu kingine chochote, wala mguu wa suruali ya ndani, wala pindo la suruali ya theluji.

Kumvalisha mtoto kuna utaratibu wake. Fungua bizimu zote, vuta ulimi wa buti mbele na pembeni, aingize mguu. Anyanyue ncha ya buti na agonge kisigino sakafuni mara mbili au tatu, kisha ainame mbele akiwa amekunja goti. Hapo ndipo unafunga: kwanza bizimu iliyo karibu na kifundo cha mguu, kisha za juu, na ile ya vidoleni iguse tu. Mtoto akija kwako analia kwamba ugoko unamuuma, usimwambie avumilie. Fungua buti, pitisha kidole mbele ya mguu kuanzia juu kwenda chini, na mara nyingi utaukuta mkunjo mmoja wa soksi, mwembamba kama uzi, umeshaacha alama nyekundu kwenye ngozi. Ulainishe, funga tena, na baada ya dakika 5 atakuwa amesahau. Usiku mabuti yalale ndani penye joto la kiasi, mbali kidogo na hita. Yakilala kwenye baridi, plastiki hukakamaa na asubuhi mtoto hawezi kuingiza mguu.

Skii zenyewe, vile vibao virefu vinavyofungwa chini ya mabuti, kwa anayeanza zifike kati ya kidevu na pua. Kwa watoto kidevuni panatosha, hata chini yake kidogo. Kilicho muhimu zaidi ni kile kifungio kinacholishika buti. Fundi wa duka la kukodisha hukiwekea kiwango cha kuachia kwa kuangalia uzito, urefu na umri wa mtu, uzoefu wake, na urefu wa soli ya buti lake. Kiwango kikizidi, mtoto anaanguka na skii haiachii, ikabaki inauzungusha mguu, na goti au mfupa wa ugoko ndio unaoumia. Kikipungua, skii hutoka katikati ya kona bila sababu. Kwa hiyo kila mtu ataje uzito wake wa kweli, na watoto wasibadilishane skii hata kama miguu yao inalingana. Siku ya kukodi, andika namba ya skii ya kila mtoto kwenye orodha yako. Asubuhi zikishapangwa ukutani zote zinafanana, na hapo ndipo mabadilishano hutokea bila mtu kujua.

Kuvaa skii mlimani: ziweke zikikingama mteremko, zisielekee bondeni. Kwangua theluji yote chini ya soli, kwa fimbo unazoshika mikononi au kwa kuisugua kwenye kifungio chenyewe, maana theluji iliyoganda hapo ndiyo huzuia kifungio kufunga. Anza na skii ya upande wa bondeni. Ingiza ncha ya buti kwanza, kisha kandamiza kisigino hadi usikie mlio. Usiposikia mlio, usiondoke.

Sasa kuteleza. Kabla ya mengine yote, zoea kuegemeza ugoko kwenye ulimi wa buti, magoti yamelegea, mikono mbele mahali unapoweza kuiona. Mwili ukiogopa hutaka kukaa nyuma, kama mtu anayetafuta kiti, na hilo ndilo kosa kubwa la watu wazima. Uzito ukienda nyuma, ncha za skii huwa nyepesi na hazitii tena, mwendo unaongezeka, hofu inaongezeka, na mtu anazidi kukaa nyuma. Ukihisi mapaja yanawaka moto baada ya dakika chache tu, ujue umekaa nyuma.

Breki yako ya kwanza ni kabari. Ncha za skii zikaribiane, nafasi ya ngumi moja katikati, na mikia isukumwe nje kwa visigino. Watoto huambiwa watengeneze kipande cha pizza, nao huelewa papo hapo. Kadiri unavyoipanua mikia na kulaza vifundo vya miguu ndani kidogo, kingo za chuma huikwangua theluji na mwendo hupungua hadi ukasimama. Ncha zikipandana, ni kwamba umebana magoti yakagusana au umeelemea mguu mmoja. Fanya kabari kwenye mteremko mdogo unaoishia kwenye tambarare, ili hata ikikataa usimame peke yako. Rudia hadi uweze kuchagua alama kwenye theluji na kusimama pale pale, siyo mita tatu mbele yake. Mimi ningetumia asubuhi nzima ya kwanza kwa hilo tu.

Kupiga kona ni kabari ileile yenye uzito upande mmoja. Ukitaka kwenda kushoto, kandamiza skii ya kulia, ukitaka kulia, ya kushoto. Inaonekana kinyume, na mwili utataka kulalia upande unaokwenda, kama mwendesha baiskeli. Ukifanya hivyo, skii ya nje inabaki bila uzito na kona haitokei. Tazama mahali unapotaka kufika; ukiukodolea macho mti, utaelekea kwenye mti. Na kona ndiyo inayodhibiti mwendo: usiiache nusu, iendeleze hadi skii zikingame mteremko, zikiukata ule mstari ambao maji yangeufuata kushuka bondeni.

Utaanguka, na kuna namna ya kuanguka. Ukiona huwezi tena kujizuia, keti ubavuni upande wa mlimani, mikono mbele, uziachie fimbo. Anayeanguka akiwa ameing'ang'ania fimbo huumia sana kano la dole gumba, na ni jeraha la kawaida katika mchezo huu. Ukiwa bado unateleza usijaribu kusimama, kwani kujiinua katikati ya mwendo ndiko hupinda goti. Ukishatulia, zungusha miguu skii ziwe upande wa bondeni, sambamba, zikikingama mteremko. Zivute karibu na makalio, weka mkono kwenye theluji karibu na nyonga na ujisukume juu. Ikishindikana, vua skii ya juu, simama, uivae tena. Wafundishe watoto hili siku ya kwanza. Mtoto asiyejua kuinuka hukaa kwenye theluji akilowa huku kundi linasubiri.

Lifti zina vitisho vyake lakini kila moja ina siri ndogo. Ule mkanda wa kupandisha wanaoanza unahitaji usimame tu, skii zinyooke, na ukifika juu uendelee kutembea ili wanaokuja nyuma wasikurundikie. Lifti ya kuburuta, ile yenye kisahani kinachopita katikati ya mapaja, haikaliwi, anayeikalia huanguka. Inakuvuta, nawe unasimama na magoti yamelegea. Ukianguka, iachie na utoke njiani haraka, mwenzio yuko nyuma. Kwa lifti ya viti, shika fimbo zote kwa mkono mmoja, mkoba utoke mgongoni uje mbele, skafu na mikanda inayoning'inia iingizwe ndani ya jaketi. Mkishakaa, shusheni kizuizi. Karibu na juu, kiinueni pale kibao kinapoonyesha, inueni ncha za skii, simameni mahali palipochorwa na mteleze kwenda mbele, msisimame hapo hapo. Waulize wafanyakazi wa lifti kanuni ya hapo kuhusu mtoto kupanda bila mtu mzima, kwa kuwa hutofautiana. Na mtoto ambaye hajakaa vizuri kiti kikiondoka, piga kelele mara moja lifti isimamishwe. Usione haya, wao wamezoea.

Kuhusu watoto wenyewe, nakuomba usikie neno langu. Usiwaongoze kwenye mteremko wowote bila mwalimu wa skii, hata ule rahisi, hata wakikubembeleza dakika 10 kabla ya chakula. Mwalimu hutangulia na watoto humfuata kwa mstari, na mtu mzima wa mwisho huokota walioanguka. Lakini wa mwisho lazima ateleze vizuri kuliko wote walio mbele yake, na huyo siyo wewe bado. Nafasi yako ni kundi la wanaoanza, ukijifunza pamoja nao. Hesabu vichwa kabla ya lifti, juu ya lifti, na kabla ya kuondoka.

Fahamu pia rangi za njia. Ulaya njia nyepesi kabisa ni kijani katika nchi kama Ufaransa, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria na Uswisi huanzia bluu. Marekani na Kanada duara la kijani ndilo la wanaoanza, na mraba wa bluu ni wa kati. Kwa hiyo bluu ya Marekani siyo bluu ya Austria, na mtu akiwaambia watoto "bluu ni rahisi", uliza kwanza mko wapi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo mlimani. Mbili wakariri: anayetoka juu ndiye anayempisha aliye chini yake, na haisimamwi mahali pembamba au nyuma ya kilima pasipoonekana kutoka juu. Mtoto akiumia, chomeka skii mbili zikipishana kama herufi X mita kadhaa juu yake, usimvue buti, usimwinue, na uite waokoaji ukiwatajia jina la njia na namba iliyo kwenye nguzo ya pembeni.

Baridi na jua havikosi huko. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza ngozi, na mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo paka krimu hata chini ya pua na chini ya kidevu, tena hata mawingu yakiwepo. Pamba isiguse ngozi, hunyonya jasho na kubaki na ubaridi. Tazama mashavu na pua za watoto kila mara. Doa jeupe au la kijivu ni ngozi inayoanza kuganda. Lifunike kwa kiganja chenye joto, usilisugue, na mpeleke ndani. Mkobani mwako weka jozi mbili za glavu za akiba na karatasi laini. Na wote wapitie chooni kabla ya kuvaa, hilo litakuokolea asubuhi nzima.

Skii ya alasiri ndiyo ya kuhofia. Theluji imekuwa laini na mafungu mafungu au imeanza kuganda upya, mwanga umefifia hata mashimo na matuta ya njiani hayaonekani, na miguu imechoka. Mtoto akisema amechoka, mwache ashuke na lifti. Nawe fanya hivyo hivyo.

Wiki hizi zilizobaki, anza na miguu. Egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, mapaja yakiwa sambamba na sakafu, sekunde 30, mara 4. Ongeza kidogo kidogo hadi dakika nzima. Na kama kuna mteremko wa ndani wenye theluji au wa mazulia maalumu unaoweza kuufikia, chukua masomo mawili ya saa moja kabla ya safari. Kabari ukiwa nayo tayari siku ya kwanza, macho yako yatakuwa huru kuwatazama watoto.

Ukishapimwa mabuti niandikie yamekukaaje, na kama kuna mahali panabana nieleze ni wapi hasa.

Nakuombea safari njema,
Mama yako